Mo Amin: Jua Kwanza, Kamera Baadaye

Wewe unayeamka gizani kukimbilia Nguzo ya Vasco da Gama na simu mkononi, kuna mtu unafaa kumjua. Anaitwa Mohamed Amin, Mo kwa waliomzoea. Alifariki 1996, pengine hata hujazaliwa. Lakini ukitaka picha kali za mandhari hapa Malindi na Kilifi, maisha yake ni darasa tosha, na karo hulipi.

Mo alizaliwa Nairobi mwaka 1943. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na familia ikahamia Dar es Salaam yeye akiwa bado mdogo. Akiwa mwanafunzi alipata kamera ya Box Brownie. Hiyo ilikuwa kisanduku tu, haina cha kuvuta kitu karibu. Ukitaka kuta za Gede zijaze picha kwa kamera kama hiyo, unasogea mwenyewe. Hata leo na simu yako, sogea, usivute kwa vidole.

Mwaka 1963, hata miaka 21 hajafika, akafungua kampuni yake, Camerapix. Sisi tulioacha chuo katikati tunaipenda sana hiyo sehemu! Lakini mambo hayakuwa rahisi. Mwaka 1966 alifungwa jela Zanzibar, kisha akatimuliwa Tanzania. Akaja Nairobi kuanza upya. Mwaka 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi, Mo alifika upesi na kamera yake.

Dunia ilimjua vizuri Oktoba 1984, aliporekodi njaa ya Ethiopia kule Korem akiwa na Michael Buerk wa BBC. Siku ukiitazama ile ripoti, angalia inavyoanza. Ni alfajiri, mwanga umelala chini, na watu wamejaa uwanda mzima. Huoni tu watu, unaona na baridi yenyewe. Saa sita mchana jua lingekuwa utosini na uwanda wote ungeonekana bapa. Misaada ikamiminika, na mwaka uliofuata ikaja tamasha ya Live Aid.

Sasa, Mo hakuwa wa vita na njaa peke yake. Alipiga ardhi yetu pia. Kitabu cha Cradle of Mankind kuhusu Ziwa Turkana kilitoka 1981, na 1982 kikafuata Journey through Kenya, alichofanya na Duncan Willetts na Brian Tetley.

Haya, leta hilo somo la mwanga huku kwetu. Bahari yetu iko mashariki, kwa hivyo jua linachomoza majini. Asubuhi nenda Nguzo. Jioni geukia bara: hori ya Mida, au mabonde ya Marafa, ambapo udongo mwekundu unawaka jua likishuka. Kama una kamera, weka ISO 100 na lenzi f/8 au f/11, ili mwamba wa mbele na nguzo ya nyuma zote zitoke safi. Shata itakuwa ya polepole, kwa hivyo weka kamera kwenye stendi au juu ya jiwe. Kwa simu, gusa angani penye mwanga, kisha punguza mwangaza kidogo. Na mstari wa bahari usiukate picha katikati: upandishe au ushushe, kulingana na kama hadithi iko chini au juu.

Usiseme huna vifaa. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa na Mo akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alikufa 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Tetley pia alikuwa ndani.

Fikiria hili. Mvua inazidi kuimega Marafa, na mto Sabaki unaleta udongo baharini kila msimu. Pwani unayoiona leo, wajukuu wako hawataikuta hivi. Mo aliacha ushahidi wa wakati wake. Wa kwetu ataupiga nani, mgeni wa wiki mbili au wewe uliyezaliwa hapa? Kesho jua linatoka kama saa kumi na mbili na kitu. Fika kabla yake.