John Gibbon: Miaka 22 kwa Swali Moja

Ukiomba nafasi ya uzamili kuna swali hulikwepi: unataka kutafiti nini? Wengi wetu tunaangalia kwanza mada ipi ina ufadhili, na tusidanganyane, maisha ya hapa chuoni tunayajua. Ila kwa wenzetu wanaosomea uhandisi wa vifaa tiba, na hata sisi wengine, kuna mtu mmoja ambaye swali lake lilimjia kitandani kwa mgonjwa. Ni John Gibbon, daktari wa upasuaji wa Marekani.

Alizaliwa Philadelphia mwaka 1903, mtoto wa daktari mpasuaji. Akiwa katikati ya masomo ya udaktari, masomo yakamchosha, akataka kuacha ili awe mwandishi. Mzee wake akamshauri amalize kwanza digrii. Akamaliza mwaka 1927.

Mwaka 1931 alikuwa mtafiti mchanga huko Boston, chini ya msimamizi wake Edward Churchill. Akapangiwa kumwangalia mama mmoja ambaye bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa kwenda mapafuni. Gibbon akakesha naye, akipima presha kila baada ya muda, huku akiona damu ya mgonjwa ikizidi kuwa nyeusi kwa kukosa oksijeni. Ikabidi afanyiwe upasuaji. Bonge likatolewa, lakini mama hakuamka tena.

Usiku ule ndio uliomwachia swali. Je, damu ile ingeweza kutolewa nje ya mwili, ikatiwa oksijeni, ikarudishwa, huku moyo na mapafu vimepumzika?

Wakubwa zake hawakulichangamkia. Hata hivyo mwaka 1934 akarudi maabara Boston na mkewe Mary, ambaye alikuwa fundi wa maabara. Walifanya majaribio kwa paka, wengine wakiwakamata wenyewe mitaani usiku. Mwaka 1935 wakafanikiwa kumweka paka hai huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu.

Sasa usione ni jambo dogo. Damu ikigusa kitu kigeni inaganda. Ukiisukuma kwa nguvu chembe zake zinapasuka, na viputo vya hewa vikiingia vinaweza kuua. Dawa ya heparini ilizuia kuganda, lakini oksijeni ikabaki kitendawili: kilichomtosha paka hakikumtosha binadamu. Baada ya kwenda jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, Gibbon akawa profesa Philadelphia, na wahandisi wa kampuni ya IBM wakaungana naye. Wakaifanya damu itiririke kama utando mwembamba juu ya nyavu za waya zilizozungukwa na oksijeni. Daktari peke yake asingefika, na wahandisi peke yao vilevile.

Mgonjwa wa kwanza, mtoto mchanga, alifariki mwaka 1952. Kifua kilipofunguliwa, kumbe ugonjwa haukuwa ule uliodhaniwa. Tarehe 6 Mei 1953 akaingia msichana wa miaka 18 mwenye tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo. Kwa dakika 26 mashine ikawa ndiyo moyo na mapafu yake. Tundu likashonwa, akapona.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini watoto wawili waliofuata walifariki, na Gibbon akasimamisha upasuaji huo. Hakuurudia tena. Michoro ya mashine yake ilichukuliwa na madaktari na wahandisi wa Mayo Clinic, wakaiboresha, na kufikia mwaka 1955 walikuwa wakiitumia kwa wagonjwa. Yeye aliendelea na kazi nyingine za upasuaji hadi kustaafu, akafariki mwaka 1973.

Leo hii mashine za ukoo huo zinatumika hata hapa Dar es Salaam, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kila inapowashwa, lazima awepo anayejua kuiendesha na anayejua kuitengeneza ikigoma. Kwa hiyo wewe unayejaza fomu ya uzamili wiki hii, kabla hujaandika mada, nenda wodini ukakae. Uliza mashine ipi imekufa, imekufa lini, na nani aliihitaji siku hiyo. Mada utaipata huko.