Paul Panda Farnana, agronomi wetu wa kwanza

Safari hii tunawaletea maisha ya Paul Panda Farnana. Wengi wanamjua kwa siasa. Sisi tumtazame kwa upande wa udongo.

Panda alizaliwa mwaka 1888 huko Nzemba, karibu na Moanda, pale mto Kongo unapoingia bahari. Mwaka 1900 ofisa Mbelgiji, Derscheid, alimpeleka Ubelgiji, na dada ya huyo ofisa, Louise, akamlea. Mwaka 1904 akaingia shule ya bustani na kilimo ya Vilvoorde, akatoka 1907 na diploma. Halafu akaenda Nogent-sur-Marne, Ufaransa, kusoma kilimo cha inchi za joto.

Mwaka 1909 serikali ya koloni ilimuandika kazi. Akatumwa kwenye bustani ya mimea ya Eala, karibu na Mbandaka, katikati ya pori kubwa kama hili letu. Pale walikusanya mimea ya pori na kujaribu ile ya kulima.

Vita ya 1914 ilimkuta Ubelgiji. Akajitolea kuwa askari, Wajerumani wakamshika Namur, akakaa mfungwa mpaka 1918. Mwaka 1919 akaunda chama cha Wakongomani kule Ubelgiji. Alidai mambo mawili: shule kwa wenzake, na nafasi yao katika uongozi. Magazeti ya koloni yakamshambulia, lakini hakunyamaza.

Mwaka 1929 akarudi kwao Nzemba, akajenga shule na kinu cha mafuta ya mawese. Alikufa tarehe 12 Mei 1930. Kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, jirani yetu, kilianza 1933. Yeye hakukiona.

Ndugu wanafunzi, hii inatuhusu nini sisi wa Bangboka? Tunakata pori, tunachoma, tunapanda mpunga na mihogo. Majivu yanalisha udongo misimu michache tu, kisha mvua inayaosha. Zamani shamba lilipumzika miaka mingi. Sasa watu wamekuwa wengi, tunarudi upesi, udongo umechoka, na pori linazidi kwenda mbali.

Tena wengi wetu tunaona jembe ni azabu ya wenye kuchelewa masomo. Panda alikuwa na diploma, na bado alirudi kwenye udongo wa kwao. Kati ya sisi tunaomaliza mwaka huu, nani atasoma kilimo?