Al-Jazari, Mhandisi Aliyeyafundisha Maji Kusubiri

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunamwangalia mja ambaye kijana wa Kigoma au Ujiji anayeanza kujifunza kuiandikia roboti amri anapaswa kumfahamu: Badiuz-Zaman Abul-Izz Ismail al-Jazari.

Alianza kuwatumikia watawala wa ukoo wa Artuq huko Diyar Bakr, katika Uturuki ya leo, mwaka 570 Hijria. Kwa amri ya Nasiruddin Mahmud, aliyeitwa Mfalme Salih, alikamilisha mwaka 602 Hijria (1206) kitabu chenye mitambo 50.

Mfalme huyo hakupenda mtumishi ammiminie maji wakati wa kutia udhu, hivyo al-Jazari alimtengenezea chombo cha kazi hiyo. Lakini kinachotustaajabisha zaidi ni beseni lake la tausi. Tausi alimwaga maji, na maji yaliyokwisha kutumika yakakusanyika chini na kuinua boya. Lilipofika kimo fulani, mlango ulifunguka, ikatoka sanamu ya mtumishi yenye sabuni. Maji yakazidi kupanda, na boya la pili likaitoa sanamu yenye taulo.

Mwanafunzi wa roboti kwa kawaida huanza kwa kuiamuru isimame sekunde 2, kisha iendelee. Roboti huhesabu tu. Mkono ukiwa bado na povu, taulo litaletwa vilevile. Beseni halikuhesabu sekunde. Lilisubiri maji, na mgeni aliponawa polepole, taulo nalo lilichelewa.

Pale muda wenyewe ulipohitajika, alitumia bakuli lenye tundu. Wavuvi wetu wa Ziwa Tanganyika, wanaotoa maji mtumbwini kwa kopo, hawahitaji kuelezwa sana: ukubwa wa tundu ndio unaoamua chombo kitazama lini. Katika saa yake ya tembo, bakuli lilizama kila nusu saa, likaangusha tufe. Uzito wa tufe hilo ukalivuta bakuli juu, kazi ikaanza upya. Tundu likizidi kidogo, saa hukimbia, na ndiyo maana al-Jazari alihimiza kujaribu na kusahihisha, jambo ambalo vijana wengi hulikimbia.

Mhandisi Mwingereza Donald Hill alikitafsiri kitabu hicho mwaka 1974. Saa ya tembo iliyotengenezwa upya imesimamishwa Dubai, katika jengo la maduka lenye jina la Ibn Battuta.