Mlenga Shabaha Aliyepewa Pori

Wilaya ya Tunduru, kilipo kijiji cha Mbesa, ni mapito ya tembo waendao na kurudi kati ya pori kubwa la kusini mwa Tanzania na Niassa, nchini Msumbiji. Kwa miaka mingi pori hilo liliitwa Selous. Ni vyema wananchi wakamjua mwenye jina.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Alifika Afrika Kusini mwaka 1871, na mwaka uliofuata akapata ruhusa ya Mfalme Lobengula ya kuwinda tembo. Alianza na magobori mazito, yenye kumtikisa mpigaji, hata ikambidi amkaribie mnyama kwa miguu. Huko ndiko alikopata shabaha. Pembe zilimpa riziki, na kitabu chake cha mwaka 1881 kikamvumisha Ulaya.

Hata hivyo, ujuzi huo wa pori uliutumikia ukoloni pia. Mwaka 1890 aliwaongoza watu wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia nchi ya Washona, na wenyeji wakapokonywa ardhi yao.

Mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 63, alijiunga na jeshi la Uingereza, akaletwa Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, mlenga shabaha huyo alilengwa naye. Risasi ilimpata kichwani, akafa, akazikwa papo hapo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, mwanawe aliyekuwa rubani aliuawa vitani.

Mwaka 1922 Waingereza walilipa pori jina lake. Maelfu ya wapagazi Waafrika waliokufa katika vita hiyo hawakupewa hata kichaka.

Lakini jina halimlindi mnyama. Katikati ya miaka ya 1970 tembo wa pori hilo walizidi 100,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000, kwa sababu ya majangili na tamaa ya pembe. Ndugu zetu wa Visiwani wanaijua biashara hiyo, kwani karne ya 19 pembe za bara zilipitia Unguja.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina hilo ni heshima, tena ni deni. Viongozi watalilipa iwapo mkulima ambaye shamba lake limekanyagwa na tembo atapata kifuta jasho chake mapema, bila kuzungushwa. Mkulima aliyeridhika ni mlinzi. Aliyepuuzwa humwacha jangili apite.