Archie Cochrane, munganga aliyehesabu vifua vya wachimbaji wa makaa

Mwaka 1950, gari lenye mashine ya kupiga picha za mapafu lilianza kupita katika bonde la Rhondda Fach, kule Wales, upande wa magharibi wa Uingereza. Ni bonde jembamba. Nyumba zimepangwa mistari mirefu kwenye miteremko, na chini yake watu walikuwa wakichimba makaa ya mawe tangu karne iliyotangulia. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa munganga kutoka Scotland, Archibald Cochrane, ambaye wengi walimuita tu Archie. Hakuja kwanza kutibu. Alikuja na swali: kwa nini wachimbaji wengine wanapata makovu makubwa ndani ya mapafu mpaka wanashindwa kupumua, na wenzao waliotumika nao katika shimo moja wanabaki na alama ndogo tu?

Alizaliwa mwaka 1909 Galashiels, katika familia yenye viwanda vya vitambaa vya sufu. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1917. Kijana alisoma Cambridge, kisha akaanza masomo ya uganga London, lakini mwaka 1936 aliyaacha kwa muda kusudi aende Hispania kutumika na kikundi cha kubeba majeruhi wa vita. Alirudi akamaliza masomo mwaka 1938. Vita kubwa ikaanza, akaingia jeshini kama munganga, na mwaka 1941 Wajerumani walimkamata kwenye kisiwa cha Krete pamoja na maelfu ya wenzake.

Ile miaka minne ya kifungo ilimfundisha mengi kupita shule. Katika kambi ya Salonika, Ugiriki, alijikuta munganga wa wafungwa wengi, kwa sehemu kwa kuwa alijua Kijerumani. Chakula kilikuwa kidogo sana, na watu walianza kuvimba miguu. Yeye mwenyewe alivimba. Alichagua vijana 20, akawagawa katika vyumba viwili. Chumba kimoja walipewa levire, ile ya kuvimbisha mkate, na kingine walipewa vidonge vya vitamini C. Nyuma ya siku chache wale wa levire walikuwa wanakojoa zaidi na kusema wanajisikia vizuri. Akaandika hesabu yake kwenye karatasi, akaipeleka kwa wakubwa wa kambi. Levire ililetwa. Baadaye alisema wazi kwamba jaribio lile lilikuwa na makosa mengi: watu wachache, muda mfupi, na hata ugonjwa wenyewe hakuwa ameuelewa vizuri. Lakini aliona kwamba karatasi yenye hesabu inaweza kusukuma mtu ambaye maombi hayamgusi.

Kisha alipelekwa Ujerumani, mahali paitwapo Elsterhorst, kutunza wafungwa wenye kifua kikuu. Dawa za kuua mdudu wa TB zilikuwa hazijafika. Waganga walilaza wagonjwa kitandani kwa miezi, au waliingiza hewa kando ya pafu kusudi lipumzike, na Cochrane alifanya hivyo hivyo bila kujua kama anawasaidia au anawaua. Usiku mmoja waliletewa kijana Msovieti aliyekuwa anapiga kelele kwa maumivu ya kifua. Cochrane hakuwa na morfini, alikuwa na aspirini tu, na haikufanya kitu. Mwisho alikaa kitandani, akamkumbatia. Kelele zilikwisha pale pale, na kijana alikufa masaa machache baadaye, ametulia. Munganga alibaki na haya kwamba alikuwa amekosea: yaliyomsumbua yule kijana zaidi hayakuwa maumivu ya mapafu, ilikuwa upweke.

Vita ilipoisha alikwenda kusoma London kwa Austin Bradford Hill, mtu wa hesabu aliyekuwa anafundisha waganga namna ya kulinganisha vikundi viwili vya wagonjwa bila upendeleo. Akapita Marekani, Philadelphia, ambako alisoma picha za mapafu. Kule aligundua jambo ambalo waganga wengi hawakupenda kusikia: picha ile ile, ikiangaliwa na waganga wawili, inaweza kupewa majibu mawili. Hata munganga mmoja akiirudilia kesho anaweza kujipinga mwenyewe.

Mwaka 1948 Charles Fletcher, mkubwa wa kituo cha utafiti wa mapafu ya vumbi karibu na Cardiff, alimchukua kazini. Wales ilikuwa na shida kubwa. Kwa sheria ya miaka ile ya vita, mchimbaji aliyeonekana na vumbi katika mapafu alilipwa fidia lakini alitolewa mgodini, na katika bonde hakukuwa na kazi nyingine. Maelfu walikuwa wamekaa nyumbani. Picha moja ya kifua iliamua kama baba wa familia atabaki na mshahara.

Ugonjwa wenyewe unaenda hivi. Vumbi jembamba la makaa linaingia mpaka kwenye vifuko vidogo vya hewa. Chembe za mwili zinalimeza, zinashindwa kulitoa, na linabaki pale. Kwenye picha linaonekana kama vidoa vidogo. Watu wengi wanaishi na vidoa hivyo bila shida kubwa. Lakini kwa wengine vidoa vinaungana, vinakuwa donge jeusi la kovu, gumu sawa mpira, na donge linakua. Pafu linashindwa kupanuka, moyo unachoka, mtu anapanda ngazi tatu anasimama.

Waganga wengi wa wakati ule waliamini kwamba donge lile linaletwa na TB iliyoingia juu ya vumbi. Hawakuwa wajinga. Donge lilipenda kukaa sehemu ya juu ya pafu, mahali ambapo TB pia inapenda, na katika maiti kadhaa mdudu wa TB alikutwa ndani ya makovu. Na jibu lilikuwa na uzito. Kama kosa ni la TB, basi tafuteni wenye TB, mtawatibu, na makovu yatapungua. Kama kosa ni la vumbi lenyewe, itabidi kumwaga maji penye kuchimbwa, kupitisha hewa, kupima vumbi kila wakati, na hiyo ni pesa nyingi zaidi.

Cochrane alichukua mabonde mawili yanayopakana. Rhondda Fach ndipo wangetafuta kila mwenye TB na kumlaza hopitali kusudi asiambukize wengine. Aberdare ingebaki na matunzo ya kawaida. Kisha wangerudi kuhesabu madonge mapya katika mabonde yote mawili. Ili hesabu iwe ya kweli, ilibidi karibu kila mtu apigwe picha, na hapo Cochrane alikuwa mkali sana. Asiyekuja, alisema, pengine ndiye mgonjwa kupita wote, anaogopa kupoteza kazi. Ao ndiye mzima kabisa, haoni sababu. Ukiwaacha hao, hesabu yako ni uongo. Basi walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika majina, wakarudi kwa waliokataa, mpaka takribani watu 9 kati ya 10 wakapigwa picha. Kwa bonde zima, hicho ni kitu kigumu hata leo.

Jibu halikuja namna lilivyotegemewa. Madonge hayakupungua Rhondda Fach kupita Aberdare. Kweli, jaribio lilipata mkosi wake: miaka ile ile dawa mpya za TB zilienea, TB ikashuka kote kote, na mabonde mawili yakaanza kufanana. Cochrane hakulificha. Lakini jambo moja lilionekana wazi katika picha: kadiri vidoa vya vumbi vilivyokuwa vingi mwanzoni, ndivyo hatari ya kupata donge ilivyopanda. Mwenye mapafu safi hakulipata. Ushauri wake ukawa kupunguza vumbi mbele ya mtu kufikia hatua ile, kwa kuwa donge likianza linaweza kuendelea hata akiacha shimo.

Wasomaji wa Kivu na Ituri washike tofauti moja. Cochrane alisoma vumbi la makaa. Mawe meupe yenye dhahabu, yale wamama wa Kamituga wanayotwanga kwa mikono, yanatoa vumbi la silika, ambalo ni baya zaidi, na hilo linafungulia TB mlango kwa kweli. Mtu wa mawe anayekohoa apimwe makohozi, na tena aulizwe kazi yake.

Mwaka 1956 ilikuwa zamu yake. Munganga mpasuaji alimwambia ana kansa iliyoenea, akamkata sehemu ya kifua, akamtabiria kifo. Maabara ilipochunguza kile kipande, hakukuwa na kansa. Cochrane aliishi miaka 32 zaidi, na ni vigumu kuamini kwamba lile tukio halikuongeza ukali wake. Mwaka 1960 akawa profesa wa magonjwa ya kifua Cardiff, na mwaka 1972 akatoa kitabu kidogo kilichowauliza waganga ni matibabu yao mangapi yamejaribiwa kwa haki. Kitabu hicho kilizunguka dunia. Shirika la kukusanya majaribio ya dawa, lililoanzishwa mwaka 1993, lilichukua jina lake.

Lakini wanaume wa Rhondda Fach hakuwaacha. Miaka 20 nyuma ya picha za kwanza aliwatafuta tena, karibu wote, walio hai na waliokufa. Wenye vidoa vidogo walikuwa wameishi karibu sawa na wengine. Wenye madonge makubwa walikufa mapema.

Alikufa tarehe 18 Juni 1988. Miaka miwili baadaye, Desemba 1990, mgodi wa Maerdy, juu kabisa ya bonde lile, ulifungwa. Ndio uliokuwa wa mwisho Rhondda.