Maisha ya Donald Roebling, Aliyeunda Mamba

Bila shaka mmewahi kuona picha ya daraja la Brooklyn kule New York, lile linaloning'inia kwa kamba za chuma. Mhandisi aliyelibuni, John Roebling, alipondwa mguu na feri mwaka wa 1869, akashikwa na pepopunda akafa kabla ujenzi haujaanza. Mwanawe Washington akaichukua kazi, naye akaugua vibaya sana kwa ajili ya kufanya kazi chini ya mto. Mkewe Emily ndiye aliyekuwa akipeleka maagizo kwa mafundi mpaka daraja likafunguliwa mwaka wa 1883. Basi huyo Washington ndiye babu yake Donald Roebling, ambaye ndiye tunayemzungumzia. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Donald alizaliwa mwaka wa 1908. Pesa hazikuwa shida kwao, na alipokuwa kijana alihamia Clearwater, jimbo la Florida, akajijengea jumba kubwa. Angaliweza kukaa tu akila mali ya wazee. Lakini Florida ni nchi ya tufani. Mnamo Septemba 1928, tufani ilivunja kingo za ziwa Okeechobee, maji yakafagia mashamba usiku. Watu zaidi ya 2,500 walikufa, wengi wao vibarua weusi wa mashambani. Waokoaji walifika wakakwama: gari likizama matopeni, mashua nayo ikikwaruza chini kwa sababu maji hayakuwa na kina. Baba yake Donald akamwuliza mwanawe, kwani haiwezekani kuunda chombo cha kupita mahali ambapo gari limeshindwa na mashua imeshindwa?

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Donald aliajiri mafundi wachache, na mwaka wa 1935 wakatoa chombo cha kwanza, wakakiita Alligator, yaani mamba wa kule Marekani. Mwili wake ulikuwa wa alumini ili uwe mwepesi. Ajabu ni jinsi kilivyoendeshwa. Mashua ya injini husukumwa na rafadha, lile pangaboi la nyuma, lakini rafadha ikigusa mwamba au ikinaswa na majani, imekwisha. Roebling aliiacha kabisa. Alikipa chombo minyororo miwili kama ya tingatinga, kisha kwenye minyororo akafunga vibapa vya chuma. Nchi kavu vibapa vinashika udongo. Majini vinapiga maji kama makasia. Kugeuka? Unapunguza mwendo wa mnyororo mmoja tu, bwana, chombo kinageuka chenyewe. Hakuna kubadilisha gia ya nchi kavu na ya majini. Kiboko hasimami kwanza ukingoni abadilishe miguu!

Lakini Mamba wa kwanza alikuwa mzito na majini alijikokota, chini ya kilomita 4 kwa saa. Mtu angemaliza watu wangapi kuokoa kwa mwendo huo? Roebling hakukata tamaa. Alikifumua na kukiunda upya mara kadhaa, akakipunguza urefu na uzito, na vile vibapa vilivyokuwa vimenyooka akavipinda na kuvilaza mshazari. Kufikia mwaka wa 1937 kilikwenda karibu kilomita 14 kwa saa majini. Badiliko hilo la vibapa, kwa maoni yangu, ndilo lililomfanya mhandisi wa kweli, si yale majina ya ukoo.

Mwaka huohuo gazeti la Life lilitoa picha zake. Wakubwa wa kikosi cha Marine wakaziona, na mwaka wa 1938 wakamtuma afisa kwenda Clearwater kujionea. Alipendezwa sana, ila pesa hazikutolewa. Vita vilipowaka Ulaya mambo yakabadilika, na mwaka wa 1940 serikali ikampa dola 20,000 aunde kimoja cha majaribio. Kazi ilipokwisha zilibaki kama dola 4,000. Roebling akataka kuzirudisha! Maofisa walibabaika, hawakujua hata waziandike wapi. Mnamo 1941 kiwanda kimoja cha Dunedin, karibu na Clearwater, kilichozoea mashine za kushughulikia machungwa, kilianza kuviunda kwa chuma. Jeshi liliviita LVT.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 20 Novemba 1943 katika kisiwa cha Betio, Tarawa, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Kiribati. Kabla ya hapo Jenerali Holland Smith alikuwa amegombana na wanamaji akidai LVT zichukuliwe, la sivyo hakuna kwenda. Zikachukuliwa 125. Siku ile maji yalikuwa maji mafu, hayakujaa juu ya mwamba wa matumbawe. LVT zilipanda mwamba zikateremka upande wa pili. Mashua za kawaida zilikwama palepale. Askari waliokuwamo waliruka majini, wakatembea mamia ya mita, maji kifuani, huku wakimiminiwa risasi. Marine kama 1,000 walikufa kwa siku tatu. Kwa Wajapani na vibarua wao Wakorea, waliopita 4,500, waliobaki hai hawakufika 150. LVT kama 90 ziliharibika, maana mbavu zake zilikuwa nyembamba. Aliyezibuni alifikiria mafuriko, si bunduki.

Kufikia mwisho wa vita zilikuwa zimeundwa zaidi ya 18,000 za kila aina. Roebling mwenyewe aliendelea kukaa Clearwater hadi alipofariki mwaka wa 1959. Mtindo wake wa kupiga maji kwa minyororo ulidumu kuliko yeye, mpaka mwaka wa 1972 Marine walipoanza kutumia chombo kipya, LVTP-7, kinachosukumwa na maji yanayofyatuliwa kwa nguvu upande wa nyuma.