Mwalimu Nyerere na Wanyama wa Pori

Mengi yamekwisha andikwa juu ya Mwalimu Julius Nyerere na uhuru wetu. Mimi nataka kueleza kazi yake moja ambayo kwetu Mara huzungumzwa kwa nadra, nayo ni kuwalinda wanyama wa pori kwa sheria.

Likizo iliyopita nilikuwa kwa babu, karibu na Bunda, upande unaopakana na mbuga ya Serengeti. Usiku mmoja tembo waliingia shambani wakala mahindi. Tulipiga madebe mpaka alfajiri. Babu alinikataza kushika mkuki, maana sheria haimruhusu mtu kuua tembo apendavyo. Nilikasirika, nikataka kujua kwa nini tuna sheria hizi.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma, kisha akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh. Alirudi akafundisha, na mwaka 1954 akaongoza TANU.

Sheria za wanyama zilikuwako tangu wakati wa Waingereza, na watu wa nje waliogopa kwamba Waafrika wakijitawala watazitupa. Basi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Mwalimu akiwa Waziri Mkuu alitoa tamko katika mkutano wa Arusha. Aliahidi kwamba serikali yake itawatunza wanyama kwa ajili ya wajukuu zetu, akaomba mataifa mengine yasaidie kwa wataalamu na fedha. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963. Mwaka 1964 Mikumi na Ruaha zikawa mbuga za taifa. Mwaka 1973 uwindaji ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa, na mwaka 1974 ikatungwa sheria mpya, iliyotumika hadi ile ya mwaka 2009.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, kama isimuliwavyo, hakuwa mtu wa kustarehe kwa kutazama wanyama. Aliwalinda kwa kuwa aliona ni mali ya nchi.

Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama akalima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama.

Sasa hasira yangu imepungua, lakini haikwisha. Tangu mwaka 2011 ziko kanuni za kumpa mkulima kifuta jasho mazao yake yakiliwa. Babu aliandikisha hasara yake, na mpaka leo anangoja. Yeye ameitii sheria, wala hakumgusa tembo. Mwalimu alitoa ahadi kwa ajili ya wajukuu, nami ni mjukuu. Ningependa tembo wabaki, na babu naye alipwe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne